Dakika Kamili Kando ya Mgonjwa

Namba inayoandikwa kwenye chati ya mgonjwa hufika mbali kuliko mtu aliyeiandika. Daktari atakayeisoma usiku wa manane hakuwapo ilipopimwa. Anayeamua kuongeza dozi ya dawa ya presha hakuona kama mgonjwa alikuwa amekaa, amelala au ndiyo kwanza ameingia akihema kutoka ngazini. Muuguzi wa zamu inayofuata ataitumia kulinganisha na atakachopata yeye, na akiona hakuna kilichobadilika atatulia, hata kama utulivu huo hauna msingi. Wote hao hawana njia ya kurudi nyuma kuihakiki namba hiyo, wanaiamini tu. Nimefanya kazi wodini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa nawafundisha wanaoanza, na jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni kwamba namba ya kukisia ina hatari kubwa kuliko nafasi iliyoachwa wazi, kwa kuwa anayeona nafasi wazi huuliza, ilhali anayeona namba huendelea na kazi.

Vipimo muhimu vya uhai ni vichache: joto la mwili, mapigo ya moyo, kasi ya kupumua, shinikizo la damu na kiwango cha oksijeni katika damu, pamoja na kuangalia kama mgonjwa ana fahamu zake zote. Kwa kuwa ni vichache na hurudiwa mara kwa mara, huonekana kuwa kazi nyepesi, ya kukabidhiwa yeyote aliye na nafasi. Sikubaliani na mtazamo huo. Mashine za kisasa zimepunguza makosa ya kusoma, lakini haziwezi kujua kama mgonjwa amekaa ipasavyo, kama mkanda unatosha mkono wake, wala kama amepewa muda wa kupumzika. Namba nyingi zisizo za kweli nilizokutana nazo ziliharibika kabla kitufe hakijabonyezwa.

Nianze na pumzi, kwa sababu ndicho kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote, na ndicho ambacho mara nyingi hubadilika mapema hali ya mgonjwa inapoanza kuzorota. Mwili unapokosa oksijeni, au damu inapozidiwa na asidi kutokana na maambukizi makali, kisukari kilichopanda mno au kupoteza damu nyingi, ubongo huyaamuru mapafu yaongeze kasi. Wakati huohuo mishipa ya damu hujibana na moyo hukaza mwendo, kwa hiyo presha inaweza kuendelea kusomeka vizuri kwa muda mrefu, hasa kwa kijana mwenye afya njema, huku mgonjwa tayari yumo hatarini. Anayesubiri presha ishuke ndipo ashtuke anasubiri hatua ya mwisho mwisho.

Hata hivyo, fungua chati za wodi yoyote yenye shughuli nyingi utazame safu ya pumzi. Mara nyingi utakuta 18, 20, 18, 20, kutoka kitanda cha kwanza hadi cha mwisho: kijana aliyevunjika mguu, bibi mwenye nimonia, mama aliyetoka chumba cha upasuaji asubuhi hiyo, wote wanapumua sawasawa. Miili ya watu haifanani hivyo. Safu ya namna hiyo inaeleza kwamba hakuna aliyehesabu. Wengine huhesabu, lakini kwa sekunde 15 tu, kisha wakazidisha kwa 4. Njia hiyo ya mkato ina kasoro ambayo wanafunzi wangu hushangaa wakiiona wenyewe kwenye karatasi: haiwezi kutoa namba nyingine isipokuwa 12, 16, 20, 24, 28 na kuendelea, na pumzi moja tu ikikosewa, jibu husogea kwa 4.

Kusogea huko si jambo dogo. Katika mfumo wa alama za tahadhari wa chuo cha madaktari cha Uingereza, Royal College of Physicians, uliohuishwa mwaka 2017 na kuigwa katika nchi nyingi, mtu mzima anayepumua mara 12 hadi 20 kwa dakika hapewi alama yoyote, wa 21 hadi 24 hupewa alama 2, na wa 25 au zaidi hupewa alama 3. Alama 3 katika kipimo kimoja peke yake inatosha kumfanya mgonjwa aangaliwe haraka na mtaalamu mwenye uwezo wa kuamua matibabu. Kwa hiyo mgonjwa anayepumua mara 26 kwa dakika, lakini akaandikiwa 20 kwa mazoea, amenyimwa alama zote tatu, na pamoja nazo amenyimwa daktari.

Njia iliyo sahihi haihitaji kifaa zaidi ya saa yenye mshale wa sekunde. Hesabu sekunde 60 kamili, kila kupanda na kushuka kwa kifua kukihesabiwa mara moja, na usimwambie mgonjwa kwamba sasa unahesabu pumzi zake, kwa sababu mtu akijua anatazamwa anavyopumua, hubadilisha mwendo bila kukusudia. Mimi humaliza kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kisha nikaendelea kukishika vilevile, nikahamisha macho tu. Kama kifua hakionekani vizuri kwa sababu ya blanketi, huulaza mkono wa mgonjwa juu ya kifua au tumbo lake na kuutazama unavyoinuka. Katika dakika hiyo huona pia mambo ambayo chati haina safu yake: kama misuli ya shingo inavuta, kama anaweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, kama midomo imebadilika rangi.

Kwa watoto umakini unaohitajika ni mkubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mtoto anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida akifikia pumzi 60 kwa dakika kama hajatimiza miezi 2, pumzi 50 kama ana miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, na pumzi 40 kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka 5. Mipaka hiyo haina maana mtoto akihesabiwa huku analia au ananyonya. Abaki mikononi mwa mama yake, nguo ipandishwe taratibu ili kifua na tumbo vionekane, na kama ameshaanza kulia, subira ndiyo sehemu ya kipimo. Mtoto mchanga tena hupumua bila mpangilio: huenda haraka, akasita kwa sekunde chache, kisha akaendelea. Ukimhesabu robo dakika unaweza kuangukia kwenye msito ukasema anapumua taratibu, au kwenye mbio ukasema ana nimonia. Mchanga aliyefikia 60 au zaidi huhesabiwa tena dakika nyingine kamili kabla ya kuamua.

Shinikizo la damu lina tatizo tofauti. Hapa hakuna anayelipuuza. Kinyume chake, watu huamini namba yake kupita kiasi. Daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alitangaza mwaka 1896 kifaa chake cha mkanda wa kufunga kwenye mkono na kujazwa hewa. Mkanda wake ulikuwa mwembamba mno na ulitoa namba za juu kuliko ukweli, na mwaka 1901 Heinrich von Recklinghausen, Mjerumani, alionyesha kwamba mkanda mpana zaidi ulihitajika. Mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaeleza sauti zinazosikika kwa stetoskopu hewa inapopunguzwa, na ndizo tunazozisikiliza mpaka leo. Naitaja historia hii kwa sababu inanisikitisha: kasoro ya mkanda usiolingana na mkono ilijulikana tangu mwanzo kabisa, na bado kuna kliniki nyingi zenye mkanda wa saizi moja kwa kila anayeingia.

Sehemu ya mkanda inayojaa hewa inapaswa kuzunguka kiasi cha asilimia 80 ya unene wa mkono wa juu, na upana wake uwe kama asilimia 40 ya unene huo. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono, presha husomeka juu. Ukiwa mkubwa mno, husomeka chini. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2023 liliwapima watu haohao kwa mikanda ya saizi mbalimbali, na kwa wale ambao mikono yao ilihitaji mkanda mkubwa kuliko yote, mkanda wa kawaida uliongeza namba ya juu ya presha kwa wastani wa milimita 19.5 za zebaki. Maana yake ni kwamba mtu mwenye 125 anaweza kuandikiwa karibu 145, akaanzishiwa dawa za kumeza kila siku kwa ugonjwa asio nao. Utepe wa kupimia, ule wa mafundi cherehani, unapaswa kuwekwa pamoja na mashine ya presha, na unene wa mkono uandikwe kwenye faili mara moja ili wapimaji wote wajue mkanda wa kuchukua.

Linalofuata ni mahali mkono ulipo. Damu ina uzito, na kila sentimita 10 ambazo mkono umeshuka chini ya usawa wa moyo huongeza takriban milimita 8 kwenye kipimo. Mkono ulioinuliwa juu ya moyo hupunguza vivyo hivyo. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2024, ulionyesha kwamba mkono uliolazwa mapajani uliongeza namba ya juu kwa karibu 4, na mkono ulioning'inia ubavuni kwa 6.5, ukilinganisha na mkono uliolazwa mezani kwenye usawa wa moyo. Ni jambo la kusogeza meza au kuweka mto chini ya kiwiko. Haitoshi mgonjwa aushikilie mkono wake hewani kwenye usawa huo, kwa maana misuli ikikaza, presha nayo hupanda.

Kisha kuna mgonjwa mwenyewe. Anatakiwa awe amekaa kimya kwa dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko sakafuni, miguu haijapishana, kibofu hakijajaa, na nusu saa iliyotangulia hakunywa kahawa, hakuvuta sigara wala hakufanya kazi ya kutoa jasho. Mkanda ufungwe juu ya ngozi tupu, na sleevu nene isikunjwe ikaubana mkono kama kamba. Wakati mashine inafanya kazi asizungumze, na hapa lawama ni yetu sisi wapimaji, kwa kuwa ndio tunaomuuliza maswali ya kujaza fomu mkanda ukiwa unajaa hewa. Ukiyatazama makosa haya kwa pamoja utagundua kwamba mengi yanasukuma upande mmoja. Mkanda mdogo, mkono ulioning'inia, miguu iliyopishana, mkojo uliojaa na mazungumzo, vyote hupandisha, haviwezi kufutana. Mgonjwa mmoja anaweza kubeba vyote vitano katika kipimo kimoja.

Kwa sababu hiyo kipimo kimoja cha presha hakitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Pima mara mbili au zaidi kwa kuachanisha dakika moja au mbili, na katika ziara ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha tumia siku zote ule uliotoa namba ya juu zaidi. Mkono wenye dripu, wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kusafisha damu, au wa upande ambao tezi za kwapani ziliondolewa kwa upasuaji, uachwe. Wapo pia watu ambao presha yao hupanda kwa kumwona tu mhudumu wa afya. Kwa hao, vipimo vya nyumbani vilivyochukuliwa kwa utaratibu huuhuu vina thamani kubwa kuliko cha kliniki. Na kwa anayetumia mashine ya mshale, mshale usimame kwenye sifuri kabla ya kuanza, hewa iachiwe taratibu kwa milimita 2 hivi kila sekunde, na namba iandikwe kama ilivyosomeka. Chati ambayo presha zote zinaishia na sifuri imezungushwa na mkono wa mtu.

Lipo jambo moja kuhusu mashine za kujiendesha ambalo nimeliona likirudiwa na linaniumiza. Mashine inajaa, inatoa hewa, inajaa tena, kisha inaonyesha alama ya kushindwa. Mpimaji anabadilisha betri, anaazima mashine ya wodi ya jirani, anajaribu mkono mwingine. Mashine hizi hupima mtikisiko mdogo wa mshipa ndani ya mkanda, na mtikisiko ukiwa hafifu mno, au mapigo yakiwa hayana mpangilio, hazina cha kushika. Mashine inaposhindwa mara mbili, huenda tayari imekupa jibu. Gusa mikono ya mgonjwa uone kama ni ya baridi, tafuta mapigo kwa vidole, mwite jina usikie anavyojibu, na mwombe mwenzako alete ile ya kupima kwa stetoskopu huku wewe ukibaki pale pale.

Mapigo ya moyo yenyewe ni kipimo ambacho vidole bado vinakimudu kuliko skrini. Tumia vidole viwili au vitatu vya mbele, usitumie kidole gumba kwa kuwa kina mapigo yake yanayoweza kukuchanganya. Mapigo yakiwa sawa, nusu dakika inatosha. Yakiwa yanarukaruka, hesabu dakika nzima, na sikiliza moyo kifuani kwa stetoskopu, maana baadhi ya mapigo ya moyo ulioharibika mpangilio hayafiki kifundo cha mkono. Skrini itakupa namba, lakini haitakuambia kwamba pigo lilikuwa jembamba kama uzi.

Kipima oksijeni cha kidoleni ni kifaa ninachokipenda, na kwa hiyo ninataka kitumiwe kwa kujua mipaka yake. Wazo lake lilipatikana Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa mhandisi Takuo Aoyagi: mwanga mwekundu na mwanga usioonekana hupitishwa kidoleni, na kifaa hukadiria oksijeni kwa kulinganisha kiasi kinachonyonywa kila mshipa unapopiga. Kwa kuwa kinategemea mwanga na pigo, kidole cha baridi, mtetemeko, rangi ya kucha na hina vinaweza kukipotosha. Kikivaliwa upande uleule wenye mkanda wa presha, namba huanguka mkanda unapojaa, na watu hushtuka bure. Kipe muda mpaka namba itulie, na hakikisha mapigo kinayoonyesha yanalingana na uliyoyahesabu kwa mkono. Yasipolingana, usiiandike ile ya oksijeni.

Lakini kuna makosa ambayo kutulia hakuyaondoi. Mtu aliyevuta hewa ya sumu ya mkaa au jenereta katika chumba kilichofungwa anaweza kusomeka asilimia 99 huku damu yake ikiwa imebeba sumu badala ya oksijeni, kwa kuwa kifaa cha kawaida hakiwezi kuzitofautisha. Mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza pia kusomeka vizuri, kwa sababu kifaa kinapima uwiano na hakipimi wingi. Na lipo la ngozi nyeusi, ambalo kila mpimaji anapaswa kulijua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliwaangalia wagonjwa ambao kifaa kilisoma kati ya 92 na 96, kisha ukalinganisha na damu iliyotolewa kwenye mshipa wa ateri. Waliokuwa chini ya 88 kwa kipimo cha damu walikuwa karibu asilimia 12 kati ya wagonjwa weusi, na karibu asilimia 4 kati ya weupe. Melanini nayo hunyonya mwanga, na kifaa huelekea kusoma juu kuliko ukweli. Kwa hiyo mgonjwa mwenye ngozi nyeusi anayepumua mara 30 kwa dakika na kusomeka 94 hatakiwi kurudishwa kwenye foleni kwa sababu tu namba inaonekana nzuri. Fuata mwelekeo wa namba kwa saa kadhaa, iamini pumzi, na mahali panapowezekana omba kipimo cha damu ya ateri. Andika pia kama alikuwa anapumua hewa ya kawaida au alikuwa kwenye oksijeni na kwa kiasi gani, kwa maana 95 ya mmoja si 95 ya mwingine.

Kuhusu joto nitasema machache. Nyuzi 37 tunazozikariri zilienezwa na Carl Wunderlich wa Leipzig mwaka 1868, na yeye mwenyewe alijua kwamba joto hupanda jioni na kushuka alfajiri. Kwapa husomeka chini kuliko mdomo, na mdomo chini kuliko njia ya haja kubwa, kwa hiyo mahali palipopimwa paandikwe na pasibadilishwe kila zamu. Aliyekunywa kitu cha moto au cha baridi asubiri angalau robo saa kabla ya kupimwa mdomoni. Kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso hudanganyika kwa jasho. Lililo muhimu zaidi ni kwamba mzee au mtoto mchanga mwenye maambukizi makali anaweza asipate homa kabisa. Anaweza kupoa, na nyuzi 35 kwake ni habari nzito kuliko 38.

Najua jibu nitakalopewa na waliomo kazini: wagonjwa ni wengi, mikono ni michache, na ukijumlisha dakika hizo zote zamu haitoshi. Ni kweli, na sina haki ya kumlaumu muuguzi aliyebaki peke yake na wodi nzima. Ninachosema ni kwamba uhaba huo usifichwe kwa namba. Kama haiwezekani kuwapima wote ipasavyo saa 12 jioni, wapimwe kwanza walio na hali mbaya, kwa ukamilifu, na wengine waandikiwe kwamba hawakupimwa na kwa sababu gani, ili msimamizi aone ukweli wa zamu ile. Wodi ambayo chati zake zimejaa kila saa, kila safu, bila kukosa, haitaongezewa muuguzi kamwe.

Namba ya kutisha irudiwe na aliyeipata, kwa mkono wake, ndani ya dakika chache, lakini kama mgonjwa mwenyewe anaonekana vibaya, aite msaada kwanza na arudie kupima wakati msaada uko njiani. Na kila kilichoathiri kipimo kiandikwe kando yake: mkanda uliotumika, mkono uliopimwa, kama mgonjwa alikuwa na maumivu, kama ametoka chooni akitembea. Kama mtoto alikuwa akilia, neno "analia" liandikwe pembeni mwa namba, pamoja na saa ambayo atapimwa tena.